Nchi ya Makapu na Baraza la Kulaza Kili

Mjukuu wangu Siwema anafanya kazi hospitali ya wilaya, kwenye kile chumba chenye darubini. Juzi tunakula akaanza kunieleza habari ya vidudu vidogo mno ambavyo kazi yao ni kuviua vidudu vya maradhi. Akasema, babu, hivi ni virusi, ila havina habari na wewe. Vyenyewe vinamwinda yule bakteria anayekuharisha. Akasema sasa hivi wanavilinganisha, hiki na jamaa yake wa karibu, asili kwa asili, waone wapi wamefanana na wapi wameachana. Alidhani ananipa jambo jipya. Nikamwacha amalize tonge lake, kisha nikamwambia: mama, nchi hiyo mie nimefika.

Akacheka mpaka akapaliwa. Nyie msicheke. Wala msiniulize nilikwendaje. Mtu aliyewahi kuharishwa hadi akaona ukuta unatembea anajua kwamba kuna safari hazina tiketi wala stendi. Nilifika. Nilikuwa mdogo kuliko vumbi la unga, nimesimama pembeni ya dimbwi ambalo kwa macho yangu lilikuwa bahari, na wenyeji wakanipokea vizuri. Nimetembea kidogo katika maisha yangu, nimefika Moshi, nimefika Mombasa mara moja kwa msiba, lakini watu nilioona wana utaratibu ni wale.

Wameumbwa hivi. Juu, mahali pa kichwa, kila mmoja ana kapu. Si la duara, lina pembepembe, kama jiwe lililochongwa na mtu mwenye subira. Chini ya kapu kuna shingo. Chini ya shingo kuna miguu sita, myembamba, imekunjwa kama ya buibui, na nchani mwa miguu mna vidole. Basi. Tumbo hawana. Jiko hawana. Nilipouliza watu wanapika wapi, walitazamana kama nimetukana.

Na ndani ya kapu mna kitu kimoja tu, ukili. Nyie wa siku hizi mnaujua ukili? Ule utepe wa miaa waliokuwa wakisuka bibi zenu barazani, halafu wanaushona unakuwa mkeka. Huo. Mmoja ukili, nyingi kili. Sasa wa kule ni mrefu ajabu, umekunjwa ukashindiliwa kapuni mpaka nikawa naogopa kusimama karibu, lisije likapasuka. Umesukwa kwa miaa ya rangi nne, ya tano hakuna: mweupe, mweusi, mwekundu na wa manjano. Na katika ule mfuatano wa rangi ndimo mlimo kila kitu chao, jinsi ya kusuka kapu, jinsi ya kusimamisha shingo, jinsi ya kuchonga vidole. Shule hawana. Unyago hawana. Mtu mzima kwao ni ukili wake na cha kuubebea.

Aliyenieleza haya ni mwanamke mmoja anaitwa Bi Sihaba, wa ukoo wa Wachengo. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha jani lililooza, miguu sita yote ameikunja. Alikuwa anaongea haraka, kama mtu ambaye maziwa yako motoni.

"Sasa bila chakula mnaishije, bibie?" nikamuuliza.

"Hatuishi, babu mgeni. Tunangoja."

"Mnangoja nini?"

"Nyumba."

Akanionyesha. Dimbwini yalikuwa yanaelea majumba, manene, laini, yamejaa vilango ukutani. Akasema kila ukoo vidole vyake vinashika kilango cha aina moja tu. Ukipata nyumba yenye kilango chako, unasimama juu yake, unabana vidole, shingo inajikaza, na ukili wako wote unapita tundu la kufuli unaingia ndani. Kapu linabaki nje, tupu.

"Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe si ndo kaingia!"

"Lakini namwona pale, amesimama mlangoni."

"Lile kapu tu, babu. Usilisalimie, halitakuitikia."

Ule ukili ukishaingia unaiamuru nyumba. Nayo nyumba, zezeta, inatii. Inaacha shughuli zake inaanza kusuka makapu na shingo na miguu na kili mpya, inasuka tu, mpaka pa kukanyaga hakuna, ukuta unapasuka, na watoto wanatoka kundi zima.

Nikamwambia, "Kwa hiyo siku ya kuingia nyumba ndiyo siku ya kufa."

"Ndiyo siku ya kufa na ndiyo siku ya kuzaa. Kwani nyie mmezitenganisha?"

"Na nyumba yenyewe? Maskini, haina haki?"

"Nyie kuku mnamuuliza?"

Baadaye ndo nikaja kujua majumba yale ndiyo yaliyokuwa yameniangusha mie kitandani, huruma ikaniisha palepale.

Sasa haraka ya Bi Sihaba ilitokana na hili. Yale majumba si mazezeta kama yanavyoonekana. Yakichoka kuvamiwa, yanabadilisha vilango. Upande ule wa dimbwi yalikuwa yamebadilisha yote. Wachengo wakabisha, vidole vinateleza. Wakahamia nyumba nyingine, vinateleza. Na kule adui mkubwa ni jua, maana jua likikupiga muda mrefu ukili unakatika ndani kwa ndani, kapu linabaki zuri na mtu hayumo. Alinionyesha ndugu zake, mstari mzima juu ya mchanga, makapu yamepauka. Ukoo wake ulikuwa umebaki na watu wa kuhesabu kwa miguu ya mtu mmoja. Na dimbwi lilikuwa linakauka.

Njia ilikuwa moja. Ng'ambo ya pili waliishi Wapwaga, na vidole vya Wapwaga vilikuwa bado vinashika. Na kule kuna jambo la ajabu, nalo nililiona kwa macho yangu. Wawili wakiingia nyumba moja kwa wakati mmoja, kili zao zikakutana ndani, basi pale zinapofanana zinajishika. Zinafumuka, zinaungana upya, mbele ya huyu na nyuma ya yule. Watoto wanatoka mchanganyiko. Anaweza kutoka mtoto mwenye kila kitu cha Mchengo ila vidole vya Mpwaga, na mtoto huyo atafungua mlango uliomkatalia mama yake.

"Sasa si muingie tu?" nikasema. "Mnangoja nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Babu, nchi ina sheria."

Sheria ni hii. Wageni kabisa hawaruhusiwi kuingia nyumba moja, maana kili zisizofanana hazishikani, zinapigana, mmoja anamkaba mwenzake, watoto hawatoki wa huyu wala wa yule. Ndugu wa ukoo mmoja wanaruhusiwa bila kuulizwa. Walio katikati, yaani jamaa lakini si ukoo, inategemea. Yule anayeombwa akiridhia kwa kinywa chake, sawa. Akikataa, basi. Na nani ni nani, hilo haliamuliwi kwa kuangaliana usoni, linaamuliwa na Baraza la Kulaza Kili.

Hapo niwaambie kwa nini niliwapenda. Zamani, alinisimulia Bi Sihaba, walikuwa wakipanga koo kwa shingo. Shingo ndefu kundi lao, shingo fupi kundi lao, shingo ngumu kundi lao. Walikuwa na wakuu wa shingo, na vikao vya shingo, na binti wa shingo ndefu alikuwa hasemi na wa shingo fupi. Kisha wakaanza kulaza kili, mbili sambamba wazilinganishe, wakakuta shingo ndefu wengine hawana undugu wowote, na wa shingo ndefu ana ndugu yake wa damu kwa wale wa shingo fupi. Unajua walifanya nini? Walikaa kikao kimoja wakafuta majina yote. Wakuu wa shingo wenyewe ndo walionyanyua miguu kukubali. Watu wakaamka asubuhi hawana makabila. Nikamwuliza, hamkupigana? Akasema, wachache walinuna. Walinuna! Kwetu sisi ukimwambia mtu tu kwamba babu yake alihamia kutoka mlima wa pili, mnaonana polisi.

Lakini watu ni watu. Walipofuta shingo wakaleta hesabu. Sheria mpya ikasema, kila misuko mia, tisini na tano ikifanana, ninyi ni ukoo mmoja. Ikipungua hapo, ni jamaa. Isipofanana kabisa, ni wageni. Wamo wenye mia kasoro sita, wanapita wakijieleza njia nzima kwamba walilazwa siku ya upepo. Niliwaona waheshimiwa wawili wakibishana kutwa kwa nini iwe tisini na tano isiwe tisini na sita, na hoja ya mshindi ilikuwa kwamba tisini na tano imeshazoeleka. Nikasema, hapa sasa nimefika nyumbani.

Siku ya shauri nikaenda na Bi Sihaba. Uwanja wa Baraza ni mchanga mrefu, mwisho wake huuoni vizuri, kwa sababu ukili unatolewa kapuni wote unanyooshwa. Mwenye nao anakaa pembeni, kapu wazi, na maneno yake yanakuwa ya pole pole. Mlazaji Mkuu alikuwa Bwana Luhongo. Mzee, kapu lake limebonyea upande mmoja, ana sauti ya mtu asiyependa kurudia. Karani wake alikuwa Mbwego, mtu wa kuangalia jua kila saa.

Mpwaga aliyeitwa alikuwa Bwana Chambuso. Kapu lake lilikuwa linang'aa na miguu imenyooka, na alikuja na watu wake nyuma, wamejaa.

"Huyu ndo anasema ni jamaa yangu?" akasema, hata kabla hajakaa. "Mtazameni. Mlango umemkataa, sasa anatafuta ukoo."

Watu wake wakacheka.

"Sijatafuta ukoo, mwanaume wee," akajibu Bi Sihaba. "Nilikuwa nao tangu hujafumwa. Hebu kaa uone unavyokunja mguu. Haya. Mimi naukunjaje?"

Kweli, walikunja sawasawa, wa kushoto juu ya wa kulia. Watu wakaguna.

"Mguu si ushahidi," Bwana Luhongo akasema. "Wala shingo. Toeni kili."

Zikatolewa. Ukili wa Chambuso upande huu, wa Bi Sihaba upande ule, sambamba, mwanzo kwa mwanzo. Wasomaji wawili wakasimama, kila mmoja na ukili wake, wakaanza kutembea huku wanataja rangi, na Bwana Luhongo katikati yao akisikiliza.

"Nyeupe, nyeupe, nyeusi, nyekundu."

"Manjano, nyeusi, manjano, manjano."

Hazikufanana. Wakaenda mbele, hazikufanana. Mara moja moja rangi zinagongana, kama watu wawili wasiojuana wanavyoweza kuvaa shati moja sokoni. Nilikuwa natembea pembeni yao. Wakafika mwisho wa uwanja. Bwana Luhongo akanyanyua mguu mmoja.

"Wageni," akasema. "Nyumba moja hapana."

Wapwaga wakashangilia. Chambuso ukili wake ukakunjwa na karani haraka haraka, akasimama akaanza kuondoka. Bi Sihaba hakulia. Alikaa palepale kapu wazi, akasema polepole, "Haya," kama mtu aliyeambiwa dukani hakuna chumvi. Mimi ndo machozi yalinitoka.

Sasa wana desturi. Aliyeshindwa, ukili wake haukunjwi na karani. Mlazaji Mkuu mwenyewe anapiga goti anaukunja kwa vidole vyake, msuko kwa msuko, anaurudisha kapuni. Nilipouliza sababu, mzee mmoja aliniambia, aliyemfunua mtu ndiye amfunike. Na ukili ukishaingia wote, hukumu imefungwa, haifunguliwi hata na watoto wa watoto wao.

Bwana Luhongo alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, palipoishia usomaji. Kwa hiyo akapiga goti hapohapo, akaanza kukunja kuanzia mkiani. Nilikuwa karibu naye. Nikasikia anajisemea, "Nyeupe, nyeupe, nyeusi, nyekundu." Akakohoa. Akaendelea kukunja. Akawa anakunja, anataja, anakunja, na kila akienda mbele anapunguza mwendo. Watu walishaanza kutawanyika. Karani akasogea.

"Bwana mkubwa, jua."

"Naliona."

"Umebaki kidogo tu. Ingiza, tufunge."

Kilikuwa kimebaki kipande cha kama shubiri nje ya kapu. Bwana Luhongo alikishika, hakukiingiza.

"Mbwego," akasema, "huyu Chambuso ukili wake ulianzaje?"

"Nyeupe, nyeupe, nyeusi, nyekundu."

"Na huyu wake umeisha hivyohivyo. Unatoka mkiani unakuja kichwani, na yule anatoka kichwani anakwenda mkiani, rangi ni zilezile. Nimezifuata njia nzima nikitumaini nimekosea."

Mbwego akatazama huku na huku. Akashusha sauti. "Ingiza, bwana mkubwa. Umeshahukumu. Nani atajua?"

"Vidole vyangu vimeshajua. Nitavipeleka wapi?"

Akasimama. Yule mzee asiyependa kurudia alipiga kelele ambayo nadhani hata majumba dimbwini yaliisikia: "Rudini! Ukili haujaingia wote! Rudini!"

Chambuso alikuwa keshatoka uwanjani. Akarudi amekasirika. "Nini tena?"

"Nimelaza mkia mahali pa kichwa," Bwana Luhongo akasema mbele ya watu wote. "Wachengo wanatia ukili kapuni kwa kuanzia upande mwingine. Ncha iliyotoka kwanza nikaidhania mwanzo, kumbe ni mwisho. Kosa ni langu, si la ukili."

"Mlazaji kazeeka!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Nimezeeka," akasema, "na nitalaza tena."

Wajukuu zangu, nimeishi chini ya wakubwa wengi. Nimeona barabara iliyochongwa ikapita katikati ya kisima, na bwana aliyeipima akasema kisima ndicho kilichokosea mahali. Mkubwa wa kusimama juani akasema nimegeuza kichwa na mkia, na maneno hayo hajalazimishwa na mtu, huyo nilimwona kule tu.

Wakalaza tena. Ukili wa Bi Sihaba ukageuzwa. Wasomaji wakaanza.

"Nyeupe, nyeupe, nyeusi, nyekundu."

"Nyeupe, nyeupe, nyeusi, nyekundu."

Wakatembea. Sehemu ya kusuka kapu ikafanana, rangi kwa rangi. Sehemu ya shingo ikafanana. Hapa na pale mwaa mmoja tofauti, mwekundu mahali pa manjano, basi. Kisha wakafika sehemu ndefu ambayo sikuielewa, nikauliza ni ya nini.

"Hatujui!" akasema Bwana Luhongo kwa sauti kubwa.

Na watu wote wakaitikia, "Hatujui!"

Nikadhani ni mzaha. Kumbe ndivyo sheria inavyotaka. Wakifika kipande ambacho kazi yake haijulikani, Mlazaji lazima atamke, na Baraza liitikie, ili mtu asije akajifanya anajua. Na vipande hivyo ni vingi! Karibu nusu ya ukili ilikuwa hatujui, hatujui. Nilianza kuitikia na mie. Inaburudisha, nawaambia. Jaribuni siku moja.

Katikati ya hatujui moja, msomaji wa Chambuso akasimama ghafla. Kilikuwepo kipande ambacho kwa Bi Sihaba hakikuwepo kabisa, na msuko wake ulikuwa wa namna nyingine, umekazwa sana.

"Huu msuko ni wa Shingo Fupi," Bwana Luhongo akasema. "Wa kule kwenye matope."

Mngeuona uso wa Chambuso, kama angekuwa na uso. Shingo Fupi ndio waliokuwa wakitukanwa na Wapwaga kila kukicha, jina lilifutwa lakini matusi hayakufutwa.

"Haiwezekani!"

"Babu yako mmoja aliingia nyumba na mtu, bwana. Hatujui lini. Usione haya, kila ukili niliowahi kulaza una kiraka cha mtu. Sijaona usio nacho."

"Hata wako?"

"Wangu una viraka kama kanzu ya mwendawazimu."

Watu wakacheka sana, na Chambuso akakaa chini.

Mbele kidogo kikaja kipande kingine, safari hii kwa Bi Sihaba kimo na kwa Chambuso hakimo. Hatujui! Na mwisho kabisa wakafika kwenye vidole. Hapo ndipo zikaachana moja kwa moja. Huku na kule hakuna hata kimoja kilichofanana, kama watu wawili waliotembea pamoja siku nzima wakaagana njia panda. Kipande kifupi tu, ukilinganisha na urefu wa uwanja. Lakini hicho ndicho kilichokuwa kinamfungulia huyu mlango na kumuua yule.

Mbwego akajumlisha. Watu walishika pumzi ambazo hawana.

"Tisini na tatu," akasema.

"Si ukoo mmoja," Bwana Luhongo akatamka. "Ni jamaa. Bwana Chambuso, sheria inakuuliza wewe. Unaridhia au huridhii?"

Akageukia watu wake. Msimwone mbaya. Nilikuwa nimekasirika naye mimi pia, lakini fikirini. Kwao kuingia nyumba ni mara moja. Hakuna ya pili. Akiingia peke yake, watoto wote wake, safi. Akiingia naye, wengine watatoka hawafanani naye. Alikuwa anaulizwa afe na nani.

"Nitapata nini?" akasema mwisho.

Bi Sihaba akajibu, kwa ile sauti ya pole pole. "Kipande changu kile usichokuwa nacho."

"Kina kazi gani?"

"Hatujui."

Mtu akacheka, akanyamazishwa.

"Sijui kinafanya nini, Chambuso. Bibi yangu hakujua. Lakini kimebebwa kapu kwa kapu mpaka kwangu, na kapu halina nafasi ya mzigo wa bure, unajua mwenyewe linavyobana. Leo milango imenikataa mimi. Itakapokukataa wewe, labda mtoto mwenye kipande changu atakuwa na la kufanya. Labda hatakuwa nalo. Siwezi kukudanganya hapa mbele ya kili zimelala."

Chambuso akazitazama zile kili mbili mchangani. Akatembea pembeni yake kidogo, akarudi. Akapita mahali pa kile kiraka cha Shingo Fupi, akasimama hapo muda.

"Na huyu wa matope," akasema, kama anajisemea. "Aliombaje hata babu akamkubali?"

"Labda babu yako ndiye aliyeomba," akasema Bi Sihaba.

Wapwaga wakanguruma. Mmoja akapaza sauti, "Chambuso, usiende! Mlango ni wetu!" Na yeye, wala hakugeuka, akasema, "Mlango ni wa nyumba."

Kisha akamwambia Mlazaji, "Naridhia. Mnikunjie ukili kabla sijabadili mawazo."

Bwana Luhongo akapiga goti akazikunja zote mbili. Yule Mbwego naye, wala hakuambiwa, akapiga goti upande wa pili akasaidia, na safari hii hakutazama jua.

Nikawasindikiza mpaka majini. Nyumba ilikuwa karibu, kubwa, inaelea bila wasiwasi. Chambuso akapanda kwanza, vidole vyake vikashika. Bi Sihaba akapanda pembeni yake na vikateleza, akateleza, akateleza, mpaka moyo ukaniruka, maana hilo hatukulifikiria. Aombe ruhusa, apewe, halafu mlango wenyewe umkatae?

"Nishike mguu," Chambuso akamwambia.

"Sheria inaruhusu?"

"Hatujui. Shika!"

Akaukunja mguu wake juu ya mguu wa Chambuso, wa kushoto juu ya wa kulia, akajibana ukutani kwa nguvu zake zote mpaka ukuta laini ukabonyea chini yake, na Chambuso akawa anamvuta na yeye anajikaza. Kidole kimoja kikashika. Kimoja tu. Shingo zao zikajikaza pamoja.

"Babu mgeni," akaniita, "kaa uone. Ukirudi kwenu utawasimulia."

"Nitakaa, bibie."

Nikaona makapu yakiwa tupu. Nilitaka kusema neno la kuaga nikakumbuka aliyoniambia, nisilisalimie kapu. Nikakaa ukingoni. Nyumba ikasimama kuelea. Ikatetemeka. Ikavimba upande mmoja, ikavimba wa pili, na mlangoni yale makapu mawili yamesimama bado, miguu imeshikana.

Ukuta ulipopasuka walitoka wengi mpaka maji yakawa meupe. Nilijaribu kuwatenga, huyu wa Chambuso, huyu wa Bi Sihaba, nikashindwa. Wote wanakunja mguu sawa. Wengine walikwenda wakabisha milango wakateleza, wakazunguka, wakaondoka, na hao sijui walifika wapi.

Lakini mmoja alipita karibu yangu. Mdogo, kapu bado lina unyevu. Alikwenda moja kwa moja kwenye moja ya nyumba zilizowakataa Wachengo wa upande ule, ile iliyokuwa ikielea mbele ya mstari wa makapu yaliyopauka. Akapanda. Akatafuta kilango. Akabana vidole.

Vikashika.

Lakini hakuingia. Aligeuka akanitazama, au alitazama upande wangu, na kwa sauti ya haraka, ya mtu ambaye maziwa yako motoni, akauliza: "Kuna mwingine wa kuingia naye?"